Tumekatwa alama kwa michoro ya kiunzi iliyo sahihi, na mwongozo wa kusahihishia ndio wenye kosa

Ndugu wanajamvi,

Nimevumilia wiki mbili nikitarajia kwamba jambo hili litamalizwa ndani ya idara, lakini kwa kuwa kila mlango niliobisha nimeambiwa nirudi nikasome, nimeona nililete hapa mbele ya watu wanaoijua kemia. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo kikuu. Katika jaribio la kemia ogania tulipewa fomula fupishi, yaani zile zinazoandikwa kwa mstari mmoja bila kuonyesha bondi, tuzigeuze kuwa michoro ya kiunzi, ile ya mistari inayopanda na kushuka kama meno ya msumeno, ambayo haiandiki kaboni wala haidrojeni zilizoshikwa na kaboni. Nimekatwa alama zote nne za kipengele cha kwanza, na nilichokichora ni sahihi.

Fomula yenyewe ilikuwa (CH₃)₃CCH₂CH(CH₃)₂. Mabano ya mwanzoni yana maana kwamba methili tatu, yaani vikundi vitatu vya CH₃, zimeshikwa na kaboni inayofuata, na mabano ya mwishoni kwamba methili mbili zimeshikwa na kaboni iliyotangulia. Ukichukua methili moja kila upande iwe mwisho wa mnyororo, unapata mnyororo wa kaboni tano, wenye matawi mawili kwenye kaboni ya pili na tawi moja kwenye kaboni ya nne, yaani 2,2,4-trimethilipentani, C₈H₁₈. Ndiyo ile isooktani ambayo kwenye kipimo cha oktani cha petroli imepewa 100, kwa hiyo hata si molekuli ngeni.

Sasa, katika mchoro wa kiunzi kila kona ni kaboni na kila ncha ya mstari ni kaboni, na kwa sababu hiyo mnyororo wa kaboni tano unahitaji mistari minne tu. Mwongozo uliobandikwa kwenye ubao wa matangazo una mistari mitano ya mnyororo, bila kuhesabu matawi. Aliyeuandaa amehesabu mistari akidhani anahesabu kaboni, akapata mnyororo wa kaboni sita, na ukiongeza matawi matatu zinakuwa tisa: C₉H₂₀, molekuli nyingine kabisa. Nilisimama mbele ya ubao ule na penseli, nikaweka nukta kwenye kila kona na kila ncha ya mchoro wao, nikafika tisa. Nikahesabu kaboni za fomula ya swali, nikafika nane. Nikarudia mara ya pili na ya tatu, kwa sababu sikuamini kwamba kosa la namna hiyo limepita mikononi mwa watu wazima bila mmoja wao kuhesabu.

Nilipompelekea msahihishaji, alinijibu kwamba mwongozo ukishapitishwa haubadilishwi, kisha akaniambia kwamba mchoro wangu ndio uliopungukiwa kaboni. Hakuhesabu. Nilimwomba ahesabu mbele yangu, akakataa. Hilo ndilo lililoniuma kuliko alama zenyewe.

Wenzangu wengi wameumia kwenye kipengele cha pili, CH₃CH₂CHO, na hapo mwongozo uko sahihi lakini lawama haiwezi kuwaangukia wanafunzi peke yao. Waliisoma CHO jinsi ilivyoandikwa, kaboni kisha haidrojeni kisha oksijeni, wakachora kundi la OH mwishoni kana kwamba ni alkoholi. Kama wangeelezwa kwamba haidrojeni ina bondi moja tu na haiwezi kukaa katikati, wangeona wenyewe kwamba haidrojeni na oksijeni zote mbili zimeshikwa na kaboni ileile, na kwamba kaboni hiyo haitimizi bondi nne mpaka oksijeni ishikwe kwa bondi mbili. Hiyo ni propanali, aldehaidi. Maelezo hayo yanachukua dakika moja. Sisi tulionyeshwa michoro iliyokwisha kukamilika, katika dakika kumi za mwisho za kipindi kimoja, na hakuna hata mmoja uliochorwa mbele yetu tukaona mkono unaanzia wapi. Shuleni nilikuwa nikiandika kila kaboni na kila haidrojeni yake, kwa hiyo kiunzi kilikuwa kitu kipya kabisa kwangu, nikajifunza peke yangu usiku.

Kwenye esta, yaani kampaundi zenye kundi la COO katikati ya kaboni, ndiko hatari ilikokuwa kubwa zaidi. CH₃COOCH₂CH₃ na CH₃CH₂COOCH₃ zote ni C₄H₈O₂, kwa hiyo mtu aliyeigeuza COO kimakosa hata akihesabu atomu zote hawezi kujigundua. Ni lazima awe amefundishwa kwamba kaboni ya COO inashikana na kilichoandikwa kushoto kwake, na oksijeni ya pili na kilichoandikwa kulia.

Ninachotaka hakihitaji kikao. Mwongozo wa kipengele cha kwanza urekebishwe, na karatasi za wote waliochora mistari minne zirudishwe kusahihishwa upya kabla matokeo ya muhula hayajapelekwa juu. Walimu wa kemia mliomo humu, ninawaomba mchukue kalamu, mchore fomula ile, mhesabu, kisha mniandikie hapa mmepata kaboni ngapi, ili Jumatatu nirudi idarani nikiwa na majibu yenu mkononi.