Natafuta mkutano wa wanaoacha pombe hapa Dar, nielekezeni

Mkazi wa Tandika
Assalaam aleykum na habari za jioni wapendwa. Nina miaka 36, nina mume na watoto wawili. Ninakunywa pombe kali kila siku, peke yangu, na chupa nazificha kwenye ndoo ya mchele. Asubuhi mikono inatetemeka mpaka nizimue, ndipo niweze kuwafunga watoto vifungo vya sare. Ramadhani iliyopita nilijizuia mpaka kumi la pili nikaamini nimepona. Idi mosi nililala sebuleni na nguo za sikukuu, na aliyenifunika khanga ni mwanangu mkubwa.

Nasikia kuna mikutano ya AA (Alcoholics Anonymous), wanaotaka kuacha pombe wanakaa wanazungumza. Kwa Dar ipo? Au ni ya wageni wa Masaki tu? Inalipiwa? Na nikikutana huko na mtu wa mtaani kwetu je? Jumatatu nimepania kumwaga zote niache moja kwa moja.

Kimara Mwisho
Pole sana dada, na karibu. Mimi ni mwanamke kama wewe, nina miaka minne sijaonja. AA ipo Dar. Siku na mahali hubadilika, kwa hiyo usifuate tangazo la zamani. Ingia aa.org utafute Tanzania, kisha wasiliana nao kabla hujatoka nyumbani. Waulize lugha inayotumika, na kama mkutano ni wa wazi au wa ndani. Wa wazi anaingia yeyote, hata ndugu yako. Wa ndani ni wetu sisi tunaotaka kuacha. Kutaka kuacha ndiyo sharti pekee la kujiunga.

Hakuna kiingilio wala ada. Kikapu hupita, mwenye nacho anaweka, asiye nacho anampitishia wa pili yake. Unataja jina lako la kwanza tu, na ukisema "leo nasikiliza" hakuna atakayekushurutisha. Ukimkuta jirani, jua naye amefuata kilekile ulichokifuata, na yanayosemwa mle yanabaki mle. Mimi siku ya kwanza nilipita getini mara tatu nikijifanya natafuta duka. Nilipoingia, mzee mmoja akasimulia alivyokuwa anaficha chupa kwenye tangi la choo. Nililia, maana nilidhani ni mimi peke yangu duniani.

Nauli ikikosekana, ipo mikutano ya mtandaoni, hata ya Wakenya, ambao saa zao ni sawa na zetu. Unaweza kuzima kamera.

Nesi wa Zamu
Dada, tafadhali sana, JUMATATU USIACHE GHAFLA. Anayetetemeka asubuhi mpaka azimue, mwili wake umeshaitegemea pombe. Ukikata mara moja, ndani ya siku mbili unaweza kupata degedege. Siku ya pili au ya tatu wengine huchanganyikiwa, wanaona visivyokuwepo, wanatoka jasho na homa. Hali hiyo inaua. Nimewahi kuwapokea wakiletwa na bajaji usiku, na ndugu wanasema karogwa.

Nenda hospitali kwanza. Temeke ni karibu na wewe, Muhimbili pia ipo. Ulizia afya ya akili. Usije ukaelekezwa dirisha la methadoni ukapanga foleni bure, ile ni dawa ya waliokuwa wanatumia heroini. Mwambie daktari kiasi halisi unachokunywa, usipunguze hata kidogo, maana dawa ya kutuliza mwili anaipima kwa hicho. Muulize na vitamini B1, wanywaji wengi huishiwa nayo. Vidonge vya usingizi vya duka la dawa usiguse.

Abu Swafiya
Dada yangu katika imani, rejea kwa Mola wako. Toba ya kweli na swala ya usiku vinatosha.

Mkazi wa Tandika
Shukran kaka. Nimetubu mara nyingi mno. Nalia juu ya mswala, kisha namaliza nikiwa nimeshaijua njia ya kwenda kwenye ndoo.

Kimara Mwisho
Kaka Abu, hakuna anayemkataza dua. Hatua 12 za AA, yaani mwongozo tunaoufuata wa kuacha pombe, zenyewe zinamtaja Mungu kama kila mmoja anavyomwelewa, na haziko chini ya dini yoyote. Kwetu anakaa mzee wa kanisa pembeni ya hajjat. Lakini mtu akivunjika mguu tunamwombea na tunampeleka kwa daktari.

Mama wa Watatu
Mimi mlevi alikuwa mume wangu. Mwambie mumeo kabla hajaiokota chupa mwenyewe, nakusihi mdogo wangu. Nilichoumia mimi zaidi ni kufichwa. Na yeye ana pa kwenda, kuna Al-Anon, ya ndugu wa wanywaji.

Mkazi wa Tandika
Nimemwambia jana baada ya Isha. Alinyamaza kitambo, akauliza, "Ndoo ipi?" Nikamwonyesha. Hakuimwaga, nilikuwa nimemsomea ujumbe wa Nesi. Kesho asubuhi tunakwenda Temeke wote wawili, watoto watabaki kwa wifi.

Dada wa Kimara, nimekuandikia pembeni. Daktari akiniruhusu nitakuja mkutanoni. Naomba unisubiri nje ya geti, nisije nikapita mara tatu.

Kimara Mwisho
Nitakuwepo nusu saa kabla. Nitavaa mtandio wa kijani.