Inteki ndefu au fupi? Masika hayo yanakuja

Chalii_wa_Sakina: Wakuu, habari za jioni. Kuna jamaa Moshi ananiuzia inteki ya spoti (bomba la kuingizia hewa kwenye injini), ile ndefu ambayo filta yake inashuka mpaka nyuma ya bampa. Bei imekaa vizuri, ila anataka jibu kesho. Fundi wangu anasema nichukue fupi, filta ibaki juu, chini ya boneti. Ipi haitaniingizia maji?

Gia_Tano: Gari gani? Injini gani? Unapita barabara gani? Tutabashiri?

Binti_Pasua: Na ipo kimo chake au umeishusha?

Chalii_wa_Sakina: Samahanini. Altezza, ile 3S-GE, gia manyuo. Springi zimekatwa kidogo.

Gia_Tano: "Kidogo" ya machalii wa Chuga (Arusha) naijua 😂 Chukua fupi. Ndefu kweli inavuta hewa ya baridi, lakini kwa gari iliyokatwa springi hiyo filta itakuwa karibu na lami. Mvua ya juu wala isikutishe, matone filta inayamudu. Hatari ni filta kuzama, hapo injini inafyonza maji kama soda kwenye mrija. Na maji hayashindiliki kama hewa. Piga hesabu: lita 2, silinda 4, kila moja nusu lita. Pistoni ikifika juu kabisa, nafasi inayobaki ni kama sentimita za ujazo 50 tu. Maji yakizidi hapo, konrodi, kile chuma kinachoshika pistoni, ndiyo inapinda.

Mama_Njiro: Ya shemeji yangu niwasimulie. Alikuwa na Impreza, gereji moja mjini hapa ikamfungia inteki ndefu, filta ndani ya fenda. Ile plastiki inayokinga matope ya tairi wakaitoa ili bomba lipite, na hawakuirudisha. Siku hiyo anaelekea TPC, kwenye mashamba ya miwa, maji yamesimama barabarani, akaingia taratibu kabisa. Likaja lori upande wa pili, halikupunguza mwendo. Wimbi likapiga ubavu, gari ikazima. Angeishia hapo pengine angepona, lakini akapiga staata. Ikagoma, akapiga tena, halafu vijana wakajitolea kumsukuma aiwashe kwa gia! Plagi zilipotolewa maji yaliruka nje na oili imekuwa nyeupe. Wakakausha, wakabadilisha oili na filta, ikawaka. Tukashangilia. Baadaye ikaanza kugonga, akiambiwa ni vali, mpaka konrodi ikatoboa bloku njiani Boma Ng'ombe. Injini ya mtumba ikaagizwa Dar. Fundi aliyefunga inteki anasema ni mipango ya Mungu.

Gia_Tano: Pole yake. Gari ikizima majini HAKUNA kugusa staata. Vuta pembeni, toa plagi zote, ndipo uizungushe injini.

Mzee_wa_Diseli: Vijana, nunueni Landkruza mweke snokeli, lile bomba la hewa linalopanda hadi usawa wa paa, maneno yaishe.

Binti_Pasua: Shikamoo mzee. Snokeli nyingi za mjini ni pambo tu. Viungo havijazibwa, maji yanapitia hapo hapo kwenye boksi la filta. Na diseli ikimeza maji ni mbaya zaidi, mgandamizo wake ni mkubwa.

Mzee_wa_Diseli: Marahaba. Yangu imezibwa, njoo uione.

Simba_Mtulivu: AEM, watengenezaji wa inteki, walitengeneza vali ya kufunga kwenye bomba la inteki ndefu. Filta ikizama, inavuta hewa juu badala ya maji. Haifai kwa turbo, ila Altezza haina turbo.

Gia_Tano: Utaipata wapi Arusha?

Simba_Mtulivu: Sijasema ipo Arusha.

Binti_Pasua: Mimi nasema bakiza boksi la kiwanda, weka filta ya K&N, ile ya pamba yenye oili, ndani yake. Mdomo wa boksi Toyota waliuweka juu kwa sababu.

Mama_Njiro: Na vumbi la Mererani je? Filta za oili ukizidisha oili zinachafua sensa ya hewa. Karatasi ya kawaida, badilisha mapema, basi.

Binti_Pasua: Oili anazidisha mtu, si filta, dada.

Chalii_wa_Sakina: Tatizo boksi la kiwanda nilishamwachia fundi, nadhani kaliuza.

Mzee_wa_Diseli: 😂😂

Gia_Tano: Kabla ya inteki, rudisha springi kwanza. Tairi zinagusa fenda?

Chalii_wa_Sakina: Nikibeba watu tu.

Kibosho_Juu: Huyo jamaa wa Moshi bado anauza? Mimi gari yangu haijashushwa. Njoo inboksi.