Viatu vikilowa masika hii mnavikausha vipi bila kuviua? Jiko, feni, jua, magazeti, mchele (ulinganisho)

MamaK_Tabata
Wakuu habari za mvua. Huku kwetu inanyesha kuanzia asubuhi mpaka usiku, mtoto anarudi shule viatu vimejaa maji mpaka vinatoa sauti akitembea, vile vyeusi vya ngozi, na ana pea moja tu, na kesho yake basi la shule linapita saa 11 na nusu alfajiri. Sasa hapa nyumbani kila mtu na lake. Mama mkwe anasema viwekwe pembeni ya jiko la mkaa ndio dawa, dada anayenisaidia kazi anaviweka nyuma ya friji, baba watoto anasema feni inatosha, jirani kaniambia nivifukie kwenye mchele kama watu wanavyofanya simu. Naomba mnilinganishie hizi njia, ipi inakausha kweli na ipi inaharibu, na muangalie na usalama maana nina mwingine anatambaa na anashika kila anachokiona. Umeme huku nao ni wa kubahatisha.

fundi_soli
Dada pole na mvua. Mimi ni fundi viatu, kibanda changu kipo Mbagala, na mwezi wa nne kazi zinazonijia nyingi sio viatu vilivyoharibiwa na maji, ni vilivyoharibiwa na kukaushwa. Maji peke yake kiatu kizuri kinayavumilia, moto ndio hakivumilii. Soli nyingi siku hizi zimebandikwa tu, hazijashonwa, na gundi ya kiatu ikipata joto la nyuzi 60 au 70 inalainika, kikipoa unakuta soli imeachia pale mbele kwenye vidole. Ngozi nayo ikiwa imelowa halafu ikapigwa moto inajikunja inakuwa ngumu, mafuta yake ya ndani yanatoka, wiki ijayo inapasuka pale mguu unapokunja, na hapo hata nikiweka kiraka hakikai.

Kwahiyo utaratibu ni huu. Kwanza toa kamba zote, vuta ulimi wa kiatu nje, toa ile soli ya ndani kama inatoka (hiyo ndio inashika maji kuliko kitu chochote, wengi wanaiacha humo humo halafu wanashangaa kiatu hakikauki). Futa tope kwa kitambaa kibichi kabla halijaganda. Halafu kamata taulo kuukuu, liingize ndani ulikandamize kwa mkono linyonye, ndio uje kwenye magazeti. Gazeti likunje vipande vipande ujaze mpaka kwenye vidole lakini usilishindilie, kiatu kisivimbe, na lisaa la kwanza likishalowa TOA weka lingine. Watu wanaweka gazeti moja wanalala nalo mpaka asubuhi, lile likishashiba maji halinyonyi tena, linakaa tu linatunza unyevu ndani. Magazeti ya zamani muulize muuza maandazi au duka la jirani, yanauzwa kwa kilo.

Baada ya hapo ndio feni. Gazeti na feni ni timu moja, usizipambanishe.

Njombe_Baridi
Naheshimu ufundi wako mkuu ila huku kwetu mwezi wa sita na wa saba feni hata hatuna, nani anunue feni Njombe. Sisi tumekua tunakausha pembeni ya jiko na viatu vinakauka na watu wanaenda shule. Mnaoishi Dar mnaongea tu kwa sababu joto mnalo bure. Unaviweka mbali kidogo, unavigeuzageuza, shida iko wapi?

nesi_wa_zamu
Njombe_Baridi shida kubwa kuliko zote iko hapo hapo na wala sio ya kiatu. Mkaa ukiwaka, na hasa ule uliobaki unafukuta bila moto ndio watu wanadhani umekuwa salama, unatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na inashikana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Usiku wa mvua na baridi watu wanafunga milango na madirisha, jiko limeingizwa ndani likaushe viatu na nguo na kupasha chumba, familia inalala. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kuishiwa nguvu, na aliyelala hizo dalili hazimwamshi. Tunaletewa familia nzima, baba mama na watoto, na sio wote wanaofika wakiwa hai. Naomba sana sana, jiko la mkaa lisilale ndani na watu kwa sababu yoyote ile, si viatu si nepi si baridi. Ukiliwasha barazani kwenye upepo kwa kupikia na viatu vikawa umbali wa kuweka mkono pale pale bila kuona moto, hapo sina ugomvi na wewe. Mkono ukiona joto linauma basi na kiatu kinaumia.

Na kwa MamaK, mtoto anayetambaa na jiko lililowekwa chini la kukaushia viatu, hapo hata sihitaji kuendelea.

Njombe_Baridi
Nimekuelewa dada nesi. Barazani basi, ndani hapana.

mzee_wa_luku
Ngojeni niwawekee upande wa gharama maana mtu atasema feni inakula umeme. Feni ya kawaida ya mezani ni kama watt 50 mpaka 60, ukiiacha usiku kucha masaa 8 imekula kama nusu uniti hivi. Drai ya nywele ni watt 1500 mpaka 2000, yani nusu saa tu imekula uniti nzima au karibu na hapo, na nusu saa hiyo haikaushi kiatu kilicholowa mpaka ndani, inakausha juu tu unadanganyika. Kama lazima utumie drai basi weka ule upepo wa baridi, usiiache imechomekwa ndani ya kiatu ukaondoka, inakosa pa kupumulia inachemka, zinaunguza nyumba hizo.

Pasi pia nimeona mabweni ya wanafunzi wanapigia viatu pasi, hapana jamani.

Feni inafanya kazi kwa kuondoa ile hewa iliyoshiba unyevu ikae mpya, ndio maana hata hewa ya kawaida isiyo moto inakausha. Kilaze kiatu ubavu au ukiegemeze ukutani mdomo unaangalia feni, upepo uingie NDANI. Wengi wanapulizia kisigino.

Wanjiru_wa_Limuru
Niko Limuru, baridi ya Julai hapa jua unaweza kulisahau. Mimi raba za watoto za kitambaa naziweka ndani ya foronya nafunga, nazipitisha kwa mashine ya kufua upande wa kukamua tu, pamoja na taulo mbili ndio isigonge, zinatoka maji karibu yote yameisha halafu magazeti. Viatu vya ngozi la, hizo usijaribu hata kidogo. Na yule anaweka nyuma ya fridge, ni kweli zile za kitambo ziko na zile nyaya nyeusi nyuma zinatoa joto kidogo na kiatu kinakauka polepole, lakini maji yakidondoka pale chini kwa motor na waya ni hatari ya stima, na pia umeziba hewa kwa hivyo fridge inafanya kazi zaidi. Nyingi za siku hizi joto linatokea pande zote mbili, nyuma hakuna kitu. Hiyo ningeiacha kabisa.

raba_nyeupe
Hamjaongelea jua. Mvua ikikatika saa 6 mchana likatoka lile jua kali, mimi natoa nje zote, saa 10 zimekauka, sitaki habari za magazeti.

fundi_soli
Jua linakausha mkuu hakuna anayebisha, ila angalia rangi ya raba zako baada ya masika mawili matatu. Ile mipira nyeupe ya pembeni inageuka njano kwa jua, na kitambaa kinapauka. Raba nyeupe ukishaifua zungushia tishu nyeupe juu yote ndio uanike, ule unjano unabaki kwenye tishu, na ndani yake usiweke gazeti, wino unatoka, weka tishu au kitambaa cheupe. Raba za mazoezi zile zenye sponji nene, jua la saa 7 juu ya bati au ndani ya gari lililofungwa linazisinyaza. Kivulini penye upepo, kamba ya barazani, hapo ndio pake. Vya ngozi jua kali hapana kabisa.

Halafu kuna kitu nataka kukisema maana watu wananilaumu bure. Kuna viatu vya mtumba, soli nzuri nene nyepesi, unavaa mvua ya kwanza tu soli inamomonyoka kama mkate, inabaki unga. Mteja anasema nimekausha vibaya, au anasema fundi gundi yako mbovu. Hapana. Hiyo ni soli ya PU (plastiki ya povu), inaoza kwa unyevu wa hewa polepole miaka na miaka hata ikiwa imekaa kabatini haivaliwi, ukija kuipinda ndio inaachia. Hapo hakuna ukaushaji utakaokusaidia, ni kubadilisha soli yote. Ukinunua mtumba bonyeza soli kwa kucha uikunje kwa nguvu pale pale mbele ya muuzaji, ukiona inachanika au inaacha alama au inatoa unga, rudisha.

Bi_Shangani
Mie niko Unguja, naongeza jambo moja. Kiatu kikilowa maji ya bahari usikikaushe kabla hujakisuuza kwa maji ya bomba, chumvi ikibaki ndani inavuta unyevu kila siku na kiatu hakikauki maisha, kinabaki kibichi kibichi na kuacha mistari myeupe. Na maji ya mafuriko ya mitaani ni hivyo hivyo na zaidi, yale yamepita vyooni. Sabuni, suuza, ndio uanze hayo magazeti yenu, na mikono uoshe.

MamaK_Tabata
Ahsanteni sana, jiko nimeshaliondoa kwenye hesabu na mama mkwe nimemsomea ya nesi akanyamaza. Na mchele? Na umeme ukikatika usiku nifanyeje?

mzee_wa_luku
Mchele muupike mle. Unanyonya kidogo sana kuliko gazeti, punje zinaingia kwenye mishono, na chakula kilichokaa na kiatu cha kupita madimbwini usimlishe mtu. Vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu vipya vinasaidia mwishoni kiatu kikishakaribia kukauka, kwa kilicholowa chepe ni vidogo mno. Na viwekeni mbali na huyo anayetambaa asije akavimeza.

nesi_wa_zamu
Umeme ukikatika zidisha kubadili magazeti, badala ya kila lisaa kila nusu saa mpaka unapokwenda kulala, halafu viatu dirishani penye nyavu upepo upite. Asubuhi kama ndani bado pana unyevu mvalishe soksi kavu na umfungie pea ya pili ya soksi kwenye begi abadili akifika. Unyevu ukikaa siku moja mpaka mbili ukungu unaanza, na fangasi za vidole vya watoto nyingi tunazoziona masika zinatokea humo.

fundi_soli
Na usisahau vikishakauka KABISA, sio nusu nusu, paka dawa ya viatu, hata mara mbili, ngozi irudishiwe mafuta yake. Ukipaka kikiwa kibichi unafungia maji ndani. Kopo la dawa lisikae karibu na moto, linashika haraka.

raba_nyeupe
Harufu je? Zangu zimekauka ila nikiingia ndani kwa mtu navua kwa wasiwasi.

Wanjiru_wa_Limuru
Bekingi soda, ile ya maandazi, sio magadi. Vijiko viwili ndani ya soksi kuukuu, funga, ilaze ndani ya kiatu, asubuhi toa. Ukimwaga moja kwa moja kwa ngozi inaikausha na kuacha weupe kwa mishono. Na ile soli ya ndani ifue na sabuni kando, harufu mingi iko hapo.