Kupima kasi kwa watumiaji halisi: Firebase, Sentry, Faro au tujitengenezee?

dev_wa_rock_city
Wakuu, habari za majukumu. Tuko watatu, tuna mfumo wa kukata tiketi za mabasi: tovuti na programu ya Android. Lighthouse, kipima kasi cha Google, inatupa 94 kati ya 100, kijani tupu. Halafu wakala wetu wa stendi ya Nyegezi, Mwanza, ananipigia: "Kaka, abiria kasimama dirishani, kiduara kinazunguka tu."

Jumamosi nikaenda mwenyewe. Simu yake ina RAM ya GB 2, kioo kimepasuka, bando la siku. Nikabonyeza "Tafuta basi", nikahesabu kwa mdomo. Orodha imetokea nikiwa kumi na moja.

Nataka kupima kinachowapata watu wenyewe huko waliko, hii wanayoiita RUM (real user monitoring). Bajeti ni dola 30 kwa mwezi, isizidi. Nimeangalia zana tatu za kupimia, Firebase (ya Google), Sentry na Grafana Faro, pamoja na wazo la kujitengenezea. Nawasilisha.

Zuhura_K
Mkuu, hiyo 94 ni ya kompyuta au ya simu?

dev_wa_rock_city
Ya kompyuta 🙈

Zuhura_K
Nilijua. Kabla hujatoa hata senti, kuna viwili vya bure ambavyo tayari vinakusubiri. Weka anwani yako kwenye tovuti ya Google ya PageSpeed Insights, sehemu ya juu inaonyesha takwimu za watu halisi wa Chrome. Unachotafuta: kitu kikubwa cha ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5 (LCP), na mtu akibonyeza apate jibu ndani ya milisekunde 200 (INP, iliyochukua nafasi ya kipimo cha zamani, FID, Machi 2024). Vyote kwa asilimia 75 ya matembezi. Kasoro zake: Chrome ya iPhone haimo, tovuti yenye wageni wachache haipewi kitu, na ni mkusanyo wa siku 28 unaosogea, kwa hiyo ukirekebisha leo utasubiri karibu mwezi picha ibadilike yote.

Cha pili ni Android vitals ndani ya Play Console, dashibodi ya Google kwa wenye programu. Huongezi mstari hata mmoja wa msimbo. Programu ikiganda sekunde 5 bila kuitikia kidole inahesabiwa, na ukivuka 0.47% ya watumiaji wa siku, Play inaweza kukupunguzia kuonekana. Inakuambia unaumwa, ila haikuambii kila kitu.

nyakach_coder
Salamu kutoka Kisumu. Kwa programu ya simu, mimi nasimama na Firebase. Ni bure, inapima muda wa kuwaka, kila ombi linaloenda kwa seva, na skrini zilizoganda zaidi ya milisekunde 700. Kizuri zaidi, inatenganisha kwa aina ya simu, mtandao na kampuni ya laini. Usidharau hilo. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini EASSy na Seacom zilipokatika, sisi tulikuwa tunaangalia namba moja tu ya jumla. Jumapili nzima tukirudisha toleo la zamani, kumbe msimbo wetu hauna kosa.

Sentry nguvu yake ni moja: inaunganisha ucheleweshaji na kosa lenyewe, kutoka kwenye skrini hadi hoja ya hifadhidata. Lakini shusha kiwango cha sampuli (sehemu ya vikao inayorekodiwa) tangu siku ya kwanza. Kuna huduma moja ya kulipia, sitaitaja, tuliiacha ichukue kila kikao, 100%. Msimu wa sikukuu bili yake ikapita ya seva zetu zote.

fundi_postgres
Kwa tovuti, jitengenezee tu. Maktaba ya web-vitals, inayopima hizo LCP na INP, ni takribani KB 2 ikibanwa. Namba zikusanye, zitume kwa sendBeacon (amri ya kivinjari ya kutuma data kimyakimya) pale mtu anapoficha ukurasa, zitupie kwenye jedwali moja la Postgres. Kisha percentile_cont(0.75), yaani muda ambao 75% ya matembezi hayauzidi, umemaliza. Usiniletee wastani hapa. Wastani unachanganya mwenye faiba Masaki na wakala wako wa Nyegezi, halafu unakupa mtu ambaye hayupo.

Faro ni nzuri, na ukiiendesha mwenyewe ni ya bure, lakini bure ya mbuzi wa zawadi: kamba, banda na majani ni juu yako. Watu watatu, nani ataamka diski ya Loki, hifadhi yake ya logi, ikijaa?

Zuhura_K
Na kabla ya kutuma chochote nje, angalieni anwani za kurasa. Sisi tulikuwa na `?simu=07…` ndani yake, na namba za wateja zikawa zinasafiri hadi seva ya watu. Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya wana yao ya 2019. Futa namba hizo kwenye simu yenyewe, usisubiri zifike.

mzee_wa_logi
Mnasahau wasioonekana. Aliyekata tamaa kabla skripti yenu haijashuka, hayumo kwenye jedwali. Wa Opera Mini, ambao kurasa zao hupikwa kwenye seva za Opera, wengi hawamo. Chris Zacharias, aliyewahi kuwa mhandisi YouTube, alisimulia mwaka 2012: walipunguza ukurasa wa video kutoka MB 1.2 hadi KB 98, wastani wa muda ukapanda! Sababu ni kwamba watu wa intaneti dhaifu, Afrika wakiwemo, sasa waliweza kuufungua, wakaanza kuhesabiwa. Kwa hiyo linganisha: logi ya seva inasema umetoa kurasa ngapi, na umepokea ripoti ngapi?

dev_wa_rock_city
Mrejesho baada ya wiki. Tumechukua Firebase kwa programu, web-vitals na Postgres kwa tovuti. Sentry tumeiweka kwa makosa tu. Faro hapana, fundi_postgres kaniogopesha na mbuzi wake.

Kosa la Nyegezi limepatikana: kila mtu akibonyeza "Tafuta basi", programu inapakua upya orodha ya vituo vyote vya nchi. Niliandika mimi mwenyewe, 2022. Sasa inahifadhiwa kwenye simu.

Mzee wa logi, nimelinganisha. Kwa kila kurasa kumi tunazotoa, ripoti zinarudi saba. Jumamosi narudi stendi kuangalia hao watatu wanashika simu gani.