Chasi ya plastiki, ya shaba njano au ya nailoni: ipi hunyooka na kubaki imenyooka?

RodaNne: Ndugu wanajukwaa, nina bodi (ganda la juu) ya gari dogo la mbio la umeme la kipimo cha 1:32, lile linaloongozwa na mfereji ulio katikati ya njia yake, ninayotaka kuiundia chasi mpya, yaani fremu ya chini, nalo litakimbia kwenye njia ya mbao isiyo na sumaku. Nimebakiwa na machaguo matatu: chasi ya plastiki ya kiwandani, chasi ya shaba njano na waya wa chuma ya kulehemu mwenyewe, au ya nailoni iliyochapwa kwa printa ya 3D. Bei nazifahamu, naomba tulinganishe urahisi wa kuzinyoosha tu.

EkseliMoja: Chukua plastiki. Katika mifumo kama ya Slot.it ya Italia, mota hukaa kwenye kitanda chake cha pekee, nawe unaweza kuchagua kitanda cha mota ya kulala urefuni, ya kukingama au ya mshazari bila kubadilisha chasi nzima. Skrubu za kitanda zikilegezwa kati ya robo na nusu mzunguko, kitanda hucheza kidogo na kupunguza mtikisiko wa nyuma kabla haujaufikia ulimi unaoingia mferejini. Hata hivyo plastiki hujipinda, hivyo ilaze tupu juu ya kioo kinene na kubonyeza pembe moja moja. Ikitikisika, ifunge kwenye kipande cha kioo, uimwagie maji ya moto, kisha uiache ipoe kabisa kabla ya kuifungua.

LehemuPole: Kuhusu kioo nakuunga mkono, lakini kwenye mbao mimi siachi shaba njano. Bila sumaku gari hushikwa na uzito ulio chini, na shaba hukupa uzito huo bila kubandika vipande vya risasi. Ugumu wake ni joto: ukilehemu upande mmoja wote mfululizo, fremu hupoa ikiwa imejikunja. Kwa hiyo zishike sehemu zote kwa pini juu ya bamba la kupangia, weka tone dogo kwenye kila kiungo ukiruka kutoka pembe moja hadi ya mkabala, ndipo urudi kuvijaza. Kisha pima kutoka kitovu cha ulimi hadi kila ncha ya ekseli ya nyuma. Vipimo visipolingana, gari litakata kona za kulia vizuri na kuteleza kwenye za kushoto, au kinyume chake. Ukitumia fulaksi (dawa ya kusaidia lehemu ishike) ya asidi, osha fremu kwa maji yenye magadi kabla ya kufunga mota, kwa maana mabaki yake hula chuma.

UziMweupe: Nailoni niliitumia kwa bodi zisizo na chasi ya kiwandani, na hapo ndipo inapofaa. Ni nyepesi, inapindika inapobanwa, na matundu ya bushi (vipete vinavyoshika ekseli) huhitaji kusafishwa kwa mkono.

RodaNne: Ahsanteni. Ndugu LehemuPole, bushi unazikazaje zisiivute ekseli?

LehemuPole: Pitisha ekseli iliyonyooka, ya milimita 2.38, kwenye bushi zote mbili kwanza, ndipo utie gundi au lehemu kidogo, ukiizungusha kwa vidole hadi ishike. Ikizunguka kwa kupulizwa, endelea na gia. Weka ukanda wa karatasi nyembamba kati ya pinioni (gia ndogo ya mota) na krauni (gia kubwa ya ekseli) unapokaza skrubu, kisha uutoe.

EkseliMoja: Hilo linafaa hata kwenye plastiki. Ila msisahau magurudumu ya mbele, ambayo wengi huyashusha mno kwa kuhofia gari kuegemea upande. Ulimi ndio unaopaswa kubeba uzito wa mbele na kuzikandamiza nyuzi zake za shaba zinazochukua umeme kwenye njia. Magurudumu yaguse kioo kwa shida. Pitisha karatasi chini yake: ikipita kwa kukwaruza, acha hapo.

RodaNne: Basi naanza na plastiki na kitanda cha mshazari, kwa kuwa bamba la kupangia sina. Bodi nitaifunga kwa skrubu zilizolegezwa kidogo pia, isije ikaivuta chasi niliyokwisha kuinyoosha.