Tupeane uzoefu: yaya wako unamlipa ngapi, na malipo hayo ni ya saa ngapi?

Mwanzilishi wa mada (Tudor)

Hamjambo nyote. Katika nyumba nyingi za hapa Mombasa mshahara wa yaya hupangwa kwa kumwuliza jirani analipa ngapi, kana kwamba jirani ndiye aliyeandika sheria. Naomba tuzungumze kwa undani zaidi. Ukitaja kiasi unacholipa au unacholipwa, taja pia yaya anaamka saa ngapi, anapumzika saa ngapi, anapika na kufua au anashika mtoto tu, analala kwa mwajiri au anarudi kwake. Tusitaje majina ya watu wala ya ofisi za ajenti.

Sheria, kwa kuanzia, haijanyamaza. Kima cha chini kilichoanza kutumika Novemba 2024 kwa kundi ambalo yaya ametajwa humo, pamoja na mfagiaji, mtunza bustani na mlinzi wa mchana, ni shilingi 16,113.75 kwa mwezi katika miji ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Hicho ni kabla ya marupurupu ya nyumba. Asiyelazwa kwa mwajiri huongezewa asilimia 15, na jumla ikakaribia 18,530. Kiwango hicho kinahesabiwa kwa wiki ya kazi isiyozidi saa 52, zilizogawanywa katika siku sita. Tunaposoma, wengi wetu hukomea kwenye ile elfu kumi na sita, tukashtuka, tukafunga ukurasa, na hizo saa 52 hatuzifikii kabisa.

Maoni yangu nayaweka mapema ili asiyekubaliana nami apate pa kuanzia. Mwenye kipato kidogo ana haki ya kuajiri mtu kwa saa chache. Hana haki ya kumweka mtu usiku na mchana kwa malipo ya saa chache.

Mama Pacha (Likoni)

Mimi nafanya kazi kisiwani, na ili niwahi feri ya mapema ni lazima nitoke nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Yaya wangu anaishi ng'ambo ya barabara, hivyo huja wakati natoka na huondoka nikirudi, mara nyingi saa kumi na moja jioni. Nilipoanza kumhesabia saa hizo niliona kwamba kwa siku tano tu tayari amepita saa 52, hata ukiondoa muda watoto wanapolala mchana. Kwa hiyo tulikubaliana kwamba Jumamosi haji kabisa na kwamba hapiki chakula cha usiku. Namlipa 17,000. Najua bado sijafika kiwango chenye nyumba, na yeye anajua kwamba najua. Mwezi wa Januari tumepanga kukaa tena.

Jambo lililotusaidia ni daftari dogo linaloning'inia msumarini nyuma ya mlango wa jikoni. Kila siku anaandika saa aliyoingia na saa aliyotoka, nami natia sahihi. Feri ikichelewa na mimi nikifika saa moja na nusu, muda huo unaonekana pale pale, na mwisho wa mwezi hatubishani.

Baba Watatu (Changamwe)

Nawaheshimu waliotangulia, lakini ninyi mnazungumza kama watu ambao mishahara yao haina mwisho. Mimi ni karani katika yadi ya makontena, mke wangu anafundisha shule ya binafsi na analipwa 17,000. Nikimlipa yaya kiwango cha serikali, mke wangu atakuwa anaamka asubuhi kwenda kumtafutia yaya mshahara, na yeye mwenyewe kurudi na nauli. Kwa sasa namlipa dada wa kazi aliye kwangu 8,000, anakula, analala, anapata sabuni, na watoto wanampenda. Hicho chakula na kitanda havihesabiki? Nipeni jibu la mtu wa Changamwe, si la mtu wa Nyali.

Karani wa mishahara (Mikindani)

Kaka, kitanda kinahesabika, lakini tayari kimeshahesabiwa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi makao yanayofaa au amlipe fedha za kutosha kukodi. Ukimlaza kwako, umeepuka ile asilimia 15 tu, zile 16,113.75 zinabaki pale pale. Sheria hiyo hiyo inataka mshahara ulipwe kwa fedha, kwa hiyo sahani ya wali haiwezi kusimama badala ya nusu ya mshahara.

Niongeze mambo ambayo watu huyasahau hata wanapolipa vizuri. Mfanyakazi wa nyumbani anastahili michango kama mfanyakazi wa hotelini. NSSF, yaani akiba ya uzeeni, ni asilimia 6 kutoka kwake na kiasi sawa na hicho kutoka kwako. Tozo ya nyumba ni asilimia 1.5 kwake na 1.5 kwako. Bima ya afya ya jamii ni asilimia 2.75, inayokatwa kwake peke yake. Kwa kima cha chini, mwajiri anaongeza takriban shilingi 1,200 juu ya mshahara. Tena kuna siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka akiwa analipwa. Ile safari ya Krismasi au ya Idi, ambayo waajiri wengi huitaja kama hisani yao, kisheria ni deni.

Yaya (Nyali)

Naomba nami nichangie, kwa sababu nyote mliotangulia mnalipa, na mimi ndiye ninayelipwa. Nimetoka upande wa Ganze. Kazi niliipata kwa ajenti, na malipo ya ajenti yalikatwa katika mshahara wangu wa kwanza, jambo ambalo sikuambiwa mpaka siku ya kupokea.

Mwajiri wangu wa sasa ananilipa 15,000 na simlaumu, kwa maana mwaka hadi mwaka ameongeza bila kusukumwa. Linalonichosha si hesabu ya shilingi. Nalala chumba kimoja na mtoto mdogo, na mtoto huyo huamka saa nane za usiku, kisha saa kumi, na kila akiamka anayenyanyuka ni mimi. Saa kumi na mbili asubuhi natakiwa niwe nimechemsha uji na kupasha mahamri, wakubwa wavae sare wawahi basi la shule. Mchana nafua, jioni naogesha mdogo na kuwasubiri wakubwa watoke chuoni, yaani madrasa. Mkinipigia hesabu ya saa 52 kwa wiki, naona zinaisha Alhamisi kabla ya adhuhuri. Wageni wa Idi nao wana upishi wao, ambao haujawahi kutajwa katika makubaliano yoyote.

Kuna jambo jingine ambalo waajiri hawaulizi. Mimi nina mtoto wa miaka minne, na anakaa kwa mama yangu. Mama yangu ana shamba na magoti yanamsumbua, kwa hiyo namlipa binti wa jirani ashinde na mtoto nyakati za kulima, na ninatuma ya maziwa na ya karo ya chekechea. Gharama ya kulea watoto inayozungumzwa hapa ni ya nyumba zenu. Yangu inatoka ndani ya mshahara huu huu, na yule binti anayemshika mwanangu anapata kidogo kuliko wote tuliotajwa.

Mwanzilishi wa mada

Dada, ahsante. Swali la usiku ningependa wenye watoto wachanga walijibu kwa uwazi, maana hata katika mikataba michache niliyopata kuiona, usiku hautajwi. Kwangu naona mambo mawili tu yanayokubalika: mzazi aamke mwenyewe, au usiku uhesabiwe kuwa kazi na asubuhi yake yaya alale.

Kaka wa Changamwe, nakuomba utuambie kazi yenyewe. Watoto wana umri gani, na ni saa zipi ambazo nyumba haina mtu mzima?

Baba Watatu (Changamwe)

Wawili wako shule mpaka saa tisa alasiri. Wa mwisho ana miaka miwili. Mama yao hufika saa kumi na moja, mimi baadaye. Jumamosi mimi niko kazini, mama yao yupo nyumbani ila ana madaftari ya kusahihisha.

Mlezi wa watoto (Mtopanga)

Kwa maelezo hayo, unachohitaji ni mahali pa kumweka mtoto mmoja mchana, na mtu wa kufua. Mimi nalea watoto nyumbani kwangu, natoza shilingi 150 kwa siku, na mzazi huleta chakula na nepi. Kwa siku 26 hiyo ni 3,900. Mama fua akija nusu siku mara mbili kwa wiki kwa 500 kila mara, unaongeza 4,000 kwa mwezi. Jumla ni 7,900, karibu sawa na unazolipa sasa, na hakuna mtu aliyefanya kazi usiku na mchana ili hesabu itimie.

Lakini msije mkadhani kwamba huku ndiko kwenye nafuu isiyo na maumivu. Nikiwa na watoto kumi wasiokosa hata siku moja, napata 39,000. Msaidizi mmoja ni lazima, kwani mtu mmoja hawezi kubadilisha nepi huku mwingine akitambaa kuelekea jikoni. Nikimlipa kima cha chini bila hata nyumba, zinabaki kama 22,900. Kodi ni 9,000. Maji ya mferejini hayaji kila wiki, na madumu ya mkokoteni, pamoja na gesi na sabuni, yanakula 5,000 nyingine. Zinabaki 8,900, yaani mimi mwenye kituo napata kidogo kuliko msaidizi wangu. Sasa wenye vituo wengi wanafanyaje? Wanalipa msaidizi 6,000, au wanajaza watoto ishirini katika chumba kimoja. Mimi nimegawana kazi na dada yangu, na tunagawana kinachobaki, hivyo hakuna anayeitwa mwajiri. Ukiona kituo kinatoza 80 kwa siku, uliza ni nani anayeilipa ile tofauti. Huenda ni mtoto wako.

Na tafadhali, wazazi wa zamu za hoteli, mkikwama kwenye msongamano wa Kongowea pigeni simu. Baada ya saa kumi na mbili natoza 50 kwa kila saa, si kwa ukali, bali kwa sababu na mimi nina wangu wanaongoja kula.

Mjukuu wa Mji wa Kale

Kwetu analea bibi. Watu husema tuna bahati kwa kuwa hatulipi. Bibi analipiwa dawa za presha, na mama mmoja huja asubuhi kumwogeshea mtoto kwa sababu bibi hawezi kuinama. Bure haipo.

Jirani mwema (Bamburi)

Sisi tuko nyumba mbili katika ploti moja, kila nyumba ina mtoto mmoja, na yaya ni mmoja. Kila upande unatoa 9,500. Yaya anarudi kwake jioni, na Jumapili hayupo. Mvutano upo, nisiufiche. Wiki za mwanzo tulibishana kuhusu watoto washinde nyumba ya nani, maana ndiyo inayochafuka, na tukaamua wabadilishane kila mwezi, tukaliandika hilo katika karatasi ya makubaliano. Mtoto wa upande mmoja akiwa na homa, huyo hubaki na mzazi wake, ili mwingine asiambukizwe. Anayetoa maagizo kwa yaya ni mama mmoja tu, kwani mabosi wawili wanaopingana ndio waliomfukuza yaya wa kwanza. Kwa kiasi hicho anapata 19,000, ambazo hakuna hata mmoja wetu angeziweza peke yake.

Yaya (Nyali)

Kaka wa Changamwe, umepigiwa hesabu nzuri sana ya kituo na mama fua. Naomba kuuliza: dada aliye kwako sasa hivi, katika hesabu hiyo yuko wapi?

Karani wa mishahara (Mikindani)

Swali hilo lina jibu la kisheria pia. Anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi ya maandishi ya siku 28, au alipwe badala yake. Likizo ambayo hakuichukua inalipwa. Kama NSSF haikupelekwa, kuna malipo ya huduma kwa kila mwaka aliofanya kazi. Zaidi ya hayo, ile tofauti kati ya 8,000 na kima cha chini anaweza kuidai katika ofisi ya leba au katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo iko hapa Mombasa, ndani ya miaka mitatu. Chama cha wafanyakazi cha KUDHEIHA kinapokea wafanyakazi wa nyumbani pia. Na kama hakuna mkataba wa maandishi, jukumu la kuthibitisha mlikubaliana nini ni lako wewe mwajiri, si lake.

Baba Watatu (Changamwe)

Nimesoma yote, na sikuja hapa kutafuta njia ya kumfukuza mtu. Nyumba tunayopakana nayo ina mtoto wa mwaka mmoja na mama yake anafanya kazi kiwandani, humwacha kwa shangazi ambaye karibuni anarudi Taita. Jumapili hii nitazungumza nao kuhusu mpango wa Bamburi. Dada nitamwuliza kwanza, kabla ya jirani, kwa sababu watoto wawili wa miaka hiyo si kazi ndogo, na huenda akachagua kulipwa kinachomstahili aende zake. Jirani mwema, ile karatasi yenu ya makubaliano, mliandika nini kuhusu siku ambayo yaya mwenyewe anaugua?

Jirani mwema (Bamburi)

Tuliandika kwamba akiugua hakatwi malipo ya siku hiyo, alete karatasi ya zahanati akizidisha siku mbili, na kila upande utafute njia yake. Wazazi wawili tunapokezana: leo mimi nakosa kazi, kesho yeye. Nitakutumia nakala, ufute majina yetu na uandike yenu.