Vidole vinakufa ganzi usiku baada ya kukata mbuta (sangara), nifanyeje?

MkatajiMbuta: Hamjambo ndugu zangu. Nina miaka 34, nafanya kibarua cha kukata minofu ya mbuta kiwandani hapa Kisumu, huu mwaka wa tatu. Shifti nzima tumesimama, glavu zimelowa, samaki ni wa barafu. Tangu Machi mkono wa kulia unakufa ganzi usiku: gumba, cha shahada na cha kati. Naamka saa nane naukung'uta kama nimevamiwa na siafu. Juzi kikombe cha chai kiliniponyoka mbele ya mama mkwe. Kila siku nameza diclofenac, dawa ya maumivu ya kemisti. Supavaiza nikimwambia, atasema kesho nisije. Getini watu wamejaa. Nisaidieni.

NyarObunga: Pole dada. Mimi ni wa mgongo wazi tu, ile mifupa ya mbuta inayobaki kiwandani, lakini shangazi yangu alikata samaki miaka na miaka. Alipuuza mpaka nyama ya chini ya gumba ikanywea. Leo hawezi kufunga kifungo.

MzeeWaGunia: Huku Nakuru kwenye kinu cha unga ni mgongo, gunia la kilo 90 halina huruma. Kanda na maji moto, jipake dawa ya misuli. Kazi ni kazi.

FizioMstaafu: Mzee, shikamoo, ila huu si uchovu. Ndani ya kifundo cha mkono kuna kijia chembamba, neva inapita humo pamoja na kano. Ukikaza kisu mara elfu kwa siku, tena kwenye baridi, kano huvimba na neva hubanwa. Dada, kidole kidogo nacho kinakufa ganzi?

MkatajiMbuta: Hapana, hicho kizima.

FizioMstaafu: Basi inaelekea ni hiyo, lakini upimwe. Nenda hospitali ya Jaramogi (Russia yetu), uliza fiziotherapia. Usiku vaa banzi, kifundo kikae kimenyooka. Ikizidi kuna sindano, hata upasuaji mdogo. Hiyo diclofenac ya kila siku inaweza kukuachia vidonda vya tumbo na kuumiza figo. Na kisu! Kisu butu hukulazimisha kukaza ngumi. Kinolewe mara kwa mara.

MkatajiMbuta: Mnoaji ni mmoja, laini nzima inamngoja. Mimi hukata na butu mpaka saa sita.

MjumbeWaChama: Hapo ndipo pa kushika. Sheria ya fidia kwa walioumia kazini ya 2007, ile WIBA, inagusa magonjwa ya kazi pia, si kukatwa kidole tu. Mwambie daktari aandike kazi unayofanya. Toa taarifa kwa maandishi, nakala ibaki kwako, na usichelewe maana madai yana muda wake. Kibarua wa miaka mitatu mfululizo naye si wa kufukuzwa tu getini. Sheria ya Ajira inamlinda. Wakikaidi, kuna Idara ya Usalama na Afya Kazini. Ila usiende peke yako.

MkatajiMbuta: Leo wakati wa chai nimewauliza wenzangu. Laini yetu tuko 12. Saba wanakung'uta mikono usiku, kila mmoja alidhani ni yeye tu. Jumatatu tunaenda wote kumwomba mnoaji wa pili.